CD ya Harusi ya Rehema

Shangazi Mwanasiti tulimzika Msambweni baada ya sala ya adhuhuri, na siku ya hitima, wanawake tulipokuwa tumekaa mikekani tukichagua mchele, binti yake Rehema alinigeukia na swali nililokuwa nikilikwepa tangu msiba uingie. "Saumu, kwani wewe huna picha yoyote ya mama akicheka?" Picha za shangazi ni chache: ya kitambulisho, ya pasi aliyopigwa alipotaka kwenda Hija, na moja ya Idi ambayo amekaa juu ya kiti cha plastiki, midomo imebanwa, kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Mtoto wa mwisho wa Rehema, ambaye maisha yake yote alimwona nyanya yake akifunika mdomo kwa leso kila kicheko kinapomjia, alikuwa ameuliza kama nyanya alikuwa na meno. Wanawake walicheka, kisha wakakumbuka wako msibani. Nilimjibu Rehema kwamba sina, na ilikuwa kweli. Lakini nilijua kwamba picha hiyo iliwahi kuwapo, tena picha inayotembea, yenye ngoma na sauti. Nilijua pia kwamba kama bado ipo, iko kwa mwanamume mmoja tu duniani, na mwaka mzima wa ujana wangu nilikuwa nikiomba dua isiwe kwake.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya mtu wa kutafutiwa la kufanya. Nililotafutiwa ni kwenda kwa shangazi kumsaidia katika chuo chake cha Qurani. Nyumba yake ilikuwa na harufu mbili, mbele ubani na nyuma nazi iliyokunwa. Chumba cha upande wa barabara ndicho kilikuwa chuo: mikeka, juzuu zilizochakaa pembe, misahafu juu ya rafu iliyotandikwa kitambaa cheupe, na bakora juu ya msumari ambayo sikuwahi kumwona akiishusha. Hakuwa na haja nayo. Akikohoa tu, watoto walinyamaza, na mimi pia. Ukipita chuo unaingia ukumbini, na huko kulikuwa na shangazi mwingine. Kulikuwa na runinga, na chini yake deki ya kuchezea CD, vyote vimefunikwa vitambaa alivyodarizi mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuvifunua mpaka Alhamisi alasiri, wakati chuo kimefungwa hadi Jumamosi. Siku hiyo tulikula mapema, mara nyingi wali wa nazi na mchuzi wa papa mkavu, tukaosha vyombo upesi upesi, na shangazi akakaa pembeni kabisa ya kochi akasema, "Haya, tuone wameleta uongo gani wiki hii."

Uongo huo niliufuata mimi, kwenye duka la Mutiso karibu na stendi. Mutiso alikuwa kijana wa bara, Mkristo, mwembamba, mwenye maneno mengi, na duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichojaa makava ya filamu kutoka sakafuni hadi darini. Alizipanga kwa namna yake. Za Kihindi zilikuwa na ukuta wao, za Kinaijeria wao. Za vita, za mateke na za kutisha zilichanganyika. Katuni zilikaa chini watoto wazifikie. Na za mawaidha aliziweka karibu na mlango ili mashehe wakipita wazione hizo kwanza. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta yake ya kunakilia. Ungempelekea CD yoyote asubuhi, mchana ukazikuta mbili, na mji mzima ulijua hivyo. "Madam, leo kuna moja hapa ni ya kufa mtu," alikuwa akiniambia, na mimi nikijifanya sielewi Kiswahili cha namna hiyo, maana nilitumwa na mwalimu wa Qurani. Nilichukua za Kihindi kwa ajili yangu, za kulia. Shangazi alipenda za mateke. Mtu aliyeheshimiwa mtaa mzima kwa upole wa sauti alikuwa akipigia runinga kelele, "Nyuma yako! Nyuma yako yuko mwingine, mjinga wee!" Filamu ikiisha alisema ni upuuzi mtupu, kisha akaniagiza sehemu ya pili. Zile za Kizungu zilikuwa na taabu yake, kwa sababu wakati wowote watu wangeweza kuanza kubusiana, na hapo kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya runinga nimetandaza leso kwa mikono miwili.

"Wameshaacha?"

"Bado, shangazi."

"Hawa hawana kazi?"

Rehema aliolewa mwaka huohuo, baada ya mavuno ya mpunga. Siku ya wanawake ilikuwa ya alasiri, uani kwa shangazi, na ua ulizungushiwa maturubai kote, mlangoni akakalishwa bibi mmoja mkali ambaye hata mvulana wa kuleta barafu alimpokelea hukohuko nje. Mabuibui yalirundikwa kitandani chumbani kwa bibi harusi mpaka kitanda kikapotea. Wasomaji wa kwetu wanajua, lakini nitasema kwa ajili ya wengine: siku hiyo mwanamke ni nywele zake, na mikono yake, na kiuno chake, na hakuna mwanamume wa kuona, kwa hiyo hakuna la kuficha. Hata wa kupiga video huwa mwanamke. Wetu alikuwa Bi Nuru, mwenye kamera begani na jasho shingoni, na desturi yake ilikuwa kutoandika neno lolote juu ya CD zake, ili mwanamume akiiona asijue ni nini. Za harusi ile zilikuwa tatu: ya Rehema, ya mama yake, na ya wakwe. Ngoma ilipokolea, Rehema aliinuka kitini, hina bado mbichi, akamvuta mama yake katikati. Shangazi alikataa, kama inavyopasa. Akavutwa tena. Akajifunga leso kiunoni na kuanza polepole, kama mtu aliyesahau kitu chumbani na anakitafuta, kisha akakipata. Sijaona chakacha ya namna ile tena. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mwanamke aliyepiga ngoma akapoteza mdundo. Mimi nilikuwa nyuma yake, kichwa wazi, nimemshika mabega, na kila alipogeuka niliuona uso wake ukiwa umerudi nyuma, mdomo wazi, mwanya wote nje, anacheka. Alikuwa mzuri, na nilijivunia kuwa damu yake.

CD ilipofika tuliitazama sana, daima mchana, mlango wa mbele umekomewa. Mara ya kwanza shangazi aliitazama tambuu imesimama shavuni. "Huyo mwanamke ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, shangazi."

"Mwongo. Hebu rudisha nyuma tumwone tena."

Alhamisi moja tulikuwa tukimwona tena mwanamke huyo, ndipo mdogo wake shangazi, baba mdogo Omari, akabisha hodi. Omari alikuwa mtu wa kuingia moja kwa moja na kuanza kufunua makava mezani, akitafuta za vita. Shangazi aliitoa CD kwenye deki na kuitumbukiza ndani ya kava lililokuwa karibu, nalo lilikuwa la filamu yangu ya Kihindi, ya mjane anayelia tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa akili. Wanaume wa kwetu wanaweza kulia kwa filamu hizo kama mtu mwingine yeyote, lakini hawazigusi mbele ya dada zao. CD ya mjane aliisukuma chini ya kitambaa cha deki. Omari akakaa, akala mbaazi na mahamri, akalalamikia watu wa ardhi, akasimulia mgogoro wa shamba la minazi kuanzia kwa babu, akaswali magharibi hapohapo, na alipoondoka shangazi alikuwa amechoka na kusahau. Jumamosi nilikusanya makava kama kawaida yangu, nikayarudisha dukani. Mutiso hakuwa na desturi ya kufungua kava la mteja wa kila wiki. Aliyapokea, akayarudisha ukutani.

Aliyelikodi kava la mjane ni muuza nyama wa sokoni, kwa ajili ya mkewe aliyekuwa mgonjwa wa mguu. Kwa kuwa mkewe alikuwa barazani, runinga ilitolewa barazani, na kwa kuwa runinga ilikuwa barazani, majirani walikuja, wanaume kwa wanawake. Mke alikuwa ameingia ndani kidogo. Alichosikia kwanza ni ngoma, akaujua wimbo, kwa sababu siku ile naye alikuwapo. Akatoka na mguu wake mbovu akauchomoa waya ukutani. Wengine walisema zilipita dakika mbili tu. Wengine walisema wimbo mzima. Mimi nilizisikia habari hizo kwa mama muuza bajia, nimesimama nyuma ya wanawake wawili walioinamia karai wasinione. "Kumbe mwalimu ana mauno!" alisema mmoja. "Usiseme hivyo," akasema mwenzake. "Mimi nasema lililosemwa na walioona," akajibu wa kwanza. Na wote wawili wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, kicheko cha watu wanaosubiri bajia ziive. Niliacha bakuli langu pale nikarudi nyumbani bila kitu. Masikio yalikuwa yakiniwaka. Nilijua kwamba kama wamemwona yeye, wameniona na mimi nyuma yake, nywele zangu na mabega yangu, na nilitamani kuuvua mwili ule niutupe kichakani.

Muuza nyama aliirudisha CD dukani jioni ileile, na mimi nikatumwa kuichukua asubuhi. Mutiso hakuwa na maneno mengi siku hiyo. Aliitoa chini ya meza, amekwisha kuifunga kwa gazeti, akanisogezea huku akitazama pembeni. "Madam, pole sana. Mimi sijaicheki. Haki ya Mungu, sijaicheki." Nyuma ya pazia niliisikia ile kompyuta ikinguruma, inanakili kitu fulani. CD ilikuwa imelala kwake usiku mzima, na mashine yake, na mikono yake isiyopitwa na kitu. Niliichukua nisiseme hata ahsante. Shangazi aliipokea uani, akaiweka juu ya jiwe la kufulia, akaipiga kwa mchi wa kinu mpaka vipande vikarukia kwenye migomba. Kisha alikwenda kwa Rehema, na kwa wakwe, akazikusanya nazo zikavunjwa. Bi Nuru naye alirekodi harusi nyingine juu ya kanda ya kamera iliyokuwa na harusi ile. "La kuvunda halina ubani," alisema shangazi, akanawa mikono, akaingia chuoni, kwa kuwa saa ya kusomesha ilikuwa imefika.

Watoto walikuwa pungufu. Walizidi kupungua. Nakumbuka asubuhi moja mama mmoja alisimama mlangoni, buibui limemfika puani, heshima zote ziko mahali pake. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Nimemfuata Mwanajuma. Ana homa."

"Mimi sina homa, mama," akasema Mwanajuma kutoka mkekani.

Shangazi alimwambia mtoto akusanye juzuu yake na kumtakia afya. Hakunitazama. Nami sikumtazama, na hivyo ndivyo tulivyoishi miezi iliyobaki, tukipishana ndani ya nyumba macho chini. Deki ilipelekwa kwa Rehema. Alhamisi ikawa siku ya kushona. Sikumlaumu kwa kulisahau kava, na yeye hakunilaumu kwa kulirudisha. Haya ilikuwa imetujaa kiasi kwamba hakukuwa na nafasi ya lawama. Kwanza alianza kutabasamu akiwa ameinamisha kichwa, kisha leso ikaanza kupanda mdomoni, ikabaki hapo maisha yake yote.

Lililonitesa zaidi ni nakala. Yaliyoonwa barazani yangesahaulika, maana watu wa Msambweni hupata jipya la kusema kila wiki. Nakala haisahau. Ilisemwa kwamba Mutiso anayo, kwamba huitoa nyuma ya pazia kwa wateja anaowajua, kwamba imefika kwenye vyumba vya wafanyakazi wa hoteli Diani, kwamba dereva mmoja wa lori ameiona Lunga Lunga. Hakuna aliyewahi kusema ameiona yeye mwenyewe, lakini mtu mwenye aibu hahitaji shahidi. Nikisikia ngoma kwenye runinga ya mtu, niliharakisha kupita. Mwanamume akinisalimu vizuri, nilijiuliza kwa nini ananisalimu vizuri. Kila baada ya sala niliomba jambo moja, isiwepo nakala, ya Rabi isiwepo, na kama ipo ikatike, iungue, imezwe na ardhi. Wanawake waliacha kuwatuma watoto wao kwa Mutiso, na waume wao wakafuata. Mwaka haujaisha akafunga duka, akapakia makava yake kwenye magunia, akahamia Ukunda. Siku hiyo nilifurahi. Nilidhani ameondoka nayo, na kwamba angalau sasa iko mbali kidogo.

Usiku ule wa hitima nilimwambia Rehema ukweli, kwamba huenda ipo nakala moja kwa Mutiso. "Nenda," akasema. "Hata kama ameifanyia nini. Nenda kamwombe." Nami ni mwalimu sasa, nina watu wazima wanaoniamkia, na nilikwenda Ukunda nikiwa na wasiwasi wa msichana, nikipanga maneno na kuyapangua. Mutiso anauza vifaa vya simu siku hizi. Ndevu zimekuwa nyeupe, na Kiswahili chake kimelainika kwa kukaa kwetu. Alinijua kabla sijasalimu.

"Mwalimu Saumu. Poleni sana kwa msiba. Nilisikia, nikasema nitakuja kuhani, halafu nikafikiri… mimi na nyumba ile." Alinipa kiti, akakipangusa kwanza kwa mkono.

"Nimekuja kukuuliza jambo la zamani," nikasema.

"Ile CD."

"Ndiyo. Ilipolala kwako, uliinakili?"

Nilikuwa na maneno mengine tayari, kwamba sikuja kwa ubaya, kwamba nimesamehe, kwamba tungemshukuru. Sikuyafikia. Mutiso aliweka chini bisibisi aliyokuwa ameishika, na uso wake ulifunguka kwa namna ambayo ilinitisha.

"Swali hilo nimelingoja tangu nikiwa kijana," akasema. "Sikuinakili, mwalimu. Hata kwenye mashine sikuiweka. Niliifunga gazeti, nikailalia chini ya mto mpaka asubuhi, kwa sababu nilikuwa naishi na binamu yangu na huyo ndiye niliyemwogopa. Watu walisema nimeuza. Duka likafa. Mke wangu, wakati huo tunachumbiana, naye aliniuliza. Mchungaji aliniuliza. Lakini ninyi wa nyumba ile, ambao ningewaapia kwa chochote, hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nawaona kwa mbali mkibadilisha njia." Akajifuta macho kwa kiganja. "Basi umeniuliza, na nimekujibu. Unaniamini?"

"Nakuamini," nikasema, na niliamini kila neno.

"Mungu mkubwa," akasema, akacheka kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mungu mkubwa, mwalimu. Na yule mama amekufa akijua?"

Nilimwambia kwamba shangazi hakuwahi kumsema vibaya. Hilo lilikuwa kweli, na lilimtosha. Alinifungulia soda, akanikataza kuondoka bila kuimaliza, nami nikainywa yote, mbele ya mtu mwema, nikiona aibu kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Wakati ule nilionewa na watu. Safari hii hakuna aliyenionea. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikimwomba Mungu mtu huyu awe mwizi, na moyo wangu ulikuwa umevunjika kwa sababu hakuwa.

Nilipofika Msambweni, Rehema alikuwa mlangoni na mtoto wake kiunoni, wengine uani wakikata vitunguu, na miongoni mwao Bi Nuru, macho yake yameingia ukungu, anakata kwa kupapasa.

"Anayo?" akauliza Rehema.

"Hana. Hakuinakili hata kidogo."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Nuru kwa sauti kubwa. Kisha akasikia jinsi ua ulivyonyamaza, akakitua kisu.